Uzi: Pareto ni mmea wa majabali ya mlimani, tusiulee kama mahindi

Mkulima wa Nyanda

Wakuu, habari za mashamba.

Tangu mvua zianze nimeona maswali ya pareto yakiongezeka humu, na ukiyasoma kwa utulivu yanafanana. Miche imenyauka. Shamba ni la kijani, linapendeza, lakini maua haba. Maua yamepimwa yakaonekana sumu yake ya kuulia wadudu, ambayo ndiyo inayouzwa, ni ndogo. Nafungua uzi huu tuyajadili mahali pamoja, kwa sababu naamini chanzo chake ni kimoja. Tunaulea mmea huu kwa mazoea ya mahindi na viazi, wakati wenyewe ni mmea wa majabali.

Nyumbani kwa pareto ni milima ya Dalmatia, ng'ambo ya bahari ya Adriatiki ukitokea Italia, katika nchi ambazo leo ni Kroatia, Montenegro na jirani zao. Mpaka sasa inaota yenyewe porini huko, kwenye miteremko ya milima kama Velebit na Biokovo. Mizizi imejipenyeza kwenye nyufa za mawe ya chokaa, udongo ni kidogo, jua linapiga moja kwa moja, na mvua ikinyesha maji yanateremka papo hapo. Angalieni majani yake yalivyo membamba, yaliyochanikachanika, yenye rangi ya fedha. Hayo ni majani ya mmea uliojiandaa kwa jua na upepo. Huku kwetu ililetwa Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920, ikaenea Tanganyika miaka ya 1930, baadaye ikapandwa Rwanda chini ya volkano. Kila mahali ilipokubali palikuwa juu, pana baridi, na udongo hautuamishi maji.

Nianze na baridi, maana ndiyo inayoamua kama utapata ua au majani. Pareto hufunga vichwa vya maua baada ya kupata wiki kadhaa za usiku wa baridi, nyuzi 16 kwenda chini. Joto la mchana likikaa juu ya nyuzi 24 mfululizo, mmea unaendelea kujaza majani tu. Kwa sisi tulio karibu na ikweta, hali hiyo inapatikana kuanzia mita 1,700 au 1,800 juu ya usawa wa bahari hadi karibu 3,000. Na unavyozidi kupanda mlima, kiwango cha sumu ndani ya ua nacho kinapanda. Hapa tuna bahati ambayo wengi hawaijui. Kule kisiwa cha Tasmania, Australia, ambako leo ndiko kunakoongoza kwa pareto duniani, wanapata baridi mara moja kwa mwaka, mimea inachanua kwa pamoja, wanavuna kwa mashine mara moja, basi. Milimani kwetu usiku wa baridi hauishi, kwa hiyo maua yanakuja kwa zamu miezi tisa hadi kumi ya mwaka. Kazi ya mikono ni nyingi, lakini chumo linarudi na kurudi.

La pili ni maji. Mvua ya milimita 900 hadi 1,500 kwa mwaka inatosha kabisa. Kinachoua ni maji kukaa mizizini. Shamba la bondeni ambalo kabichi inastawi vizuri sana linaweza kumaliza pareto yote katika msimu mmoja wa mvua nzito. Chagua mteremko wa wastani, chora kontua (mistari inayokata mteremko kwa usawa), weka makinga maji ili udongo usichukuliwe, kwa sababu pareto inaacha nafasi tupu kati ya mistari na mvua inapiga ardhi moja kwa moja. Pakiwa tambarare, inua matuta.

La tatu ni kina cha kupanda, na hapa naomba tuwe makini sana. Pale majani yote yanapotokea, kwenye kichwa cha shina, pasifunikwe na udongo. Mizizi iingie chini yote, ishindiliwe kwa kidole, lakini kichwa kibaki juu, kinaona hewa. Wengi wanapanda halafu wanainulia udongo wakati wa palizi kama wanavyofanya kwenye mahindi. Udongo unajaa katikati ya majani, unyevu unabaki, shina linaoza kutoka ndani. Mkulima anasema ni ugonjwa umeingia, kumbe ni jembe.

La nne ni mbolea, nitaliacha kidogo nione wadau mnasemaje.

Kijana wa Mteremko

Shikamoo mkuu, asante kwa uzi. Mimi ndiye mmoja wa wale wa "kijani bila maua". Nipo mita 2,100 hivi kwa hiyo baridi si tatizo. Nilipanda, ilipoota nikaweka urea ikanenepa vizuri, majani mpaka goti. Jirani yangu hajaweka kitu, pareto yake imekonda lakini imechanua nyeupe kabisa. Nimeshindwa kuelewa.

Bwana Shamba Mstaafu

Marahaba kijana, nikujibu kwa niaba ya mwenye uzi kwa sababu swali hili nimelijibu vijijini miaka mingi.

Urea ni naitrojeni tupu. Naitrojeni inajenga majani na shina, na kwa pareto ikizidi unapata kichaka kilaini kinacholala mvua ikinyesha, kinachochelewa kuchanua, na ambacho kinapendwa na wadudu. Virutubisho ambavyo pareto huitikia ni fosforasi. Ndiyo inayojenga mizizi na kusaidia mmea kutoa mashina mengi ya maua. Kwa hiyo wakati wa kupanda weka TSP (mbolea ya fosfeti ya dukani) kwenye shimo, changanya na udongo kwanza ili mizizi isiguse mbolea moja kwa moja. Kwenye udongo wenye tindikali nyingi mbolea ya Minjingu nayo inafanya kazi nzuri, maana ni mwamba wa fosfeti uliosagwa, na tindikali ya udongo ndiyo inayouyeyusha taratibu.

Samadi iliyooza vizuri si mbaya, ila iwe kiasi, na iwe imeoza kweli.

Halafu pima tindikali ya udongo kabla ya kununua mfuko wowote wa mbolea. Mwenye uzi ametaja mawe ya chokaa, na hilo lina maana kubwa kuliko linavyoonekana. Mmea uliozaliwa juu ya chokaa haupendi udongo mchachu. pH, yaani kipimo cha tindikali ya udongo, iwe 5.6 au zaidi. Nyanda nyingi zetu zenye mvua kubwa ziko chini ya hapo, na hapo fosforasi unayoweka inakamatwa na udongo, mmea hauipati. Weka chokaa ya kilimo miezi miwili mitatu kabla ya kupanda, uichanganye na udongo. Kijana, shamba lako usiling'oe. Acha urea kabisa, kata mashina marefu yaliyolala, subiri msimu wa baridi ufike. Litachanua.

Kijana wa Mteremko

Nimekuelewa mzee wangu. Urea inabaki kwa mahindi.

Mgeni wa Bonde

Wakuu samahani, mimi nipo mita 1,400. Kuna jamaa anauza miche huku anasema ni "mbegu ya joto". Nipande?

Mkulima wa Nyanda

Ndugu, kwa mita 1,400 nakushauri usitoe fedha yako. Mche utaota, utakuwa na majani mazuri, lakini usiku wako hauna baridi ya kutosha kuamsha maua mfululizo. Na hata machache yatakayotoka hayatakuwa na sumu ya kutosha kwa mnunuzi anayelipa kwa kipimo. Zao la ukoo huohuo linalokubali joto ni alizeti. Hiyo panda bila wasiwasi.

Kwa wanaouliza pembeni: ndiyo, pareto, alizeti na deizi ni ukoo mmoja. Kile tunachokiita ua moja la pareto ni mkusanyiko wa maua mengi. Zile nyeupe za pembeni kila moja ni ua, na zile za njano za katikati ni vijiua mamia vimebanana. Hili litatusaidia tukifika kwenye kuchuma.

Bibi Maua

Mimi naomba tuzungumzie mbegu na kugawanya mashina. Huku kwetu wengi tunang'oa shina la zamani tunaligawa. Mwanangu anasema mbegu ni bora. Nani ana haki?

Fundi Kitalu

Bibi, shikamoo. Wote mna haki, inategemea unataka nini.

Ukigawanya shina, unapata mmea uleule na tabia zilezile. Kama mama alikuwa anatoa maua mengi yenye nguvu, watoto wake watafanya hivyohivyo. Na wanaanza kuchanua mapema, miezi mitatu hadi minne baada ya kupandwa. Chagua shina lenye afya, ambalo umelitia alama wakati linachanua (usichague kwa majani, chagua kwa maua). Ling'oe mvua zikiwa zimeshika, ligawe kwa mikono kila kipande kiwe na mizizi yake, punguza majani na mizizi mirefu, panda siku hiyohiyo. Yakikaa juani saa chache yanakauka.

Tatizo la kugawanya ni kwamba unagawa na magonjwa. Mizizi ikiwa na vinundu, usigawe, choma moto.

Mbegu inakupa mimea misafi na mingi, lakini kila mmoja una tabia yake, mwingine hodari mwingine mvivu. Kuna jambo moja hapa wengi hawalijui. Pareto haijizalishi yenyewe. Chavua ya mmea mmoja haitungishi mbegu kwenye mmea huohuo, lazima itoke kwa mmea wa asili nyingine. Kwa hiyo kama shamba lako lote limetokana na shina moja uliloligawa ukaligawa, ukikusanya mbegu hapo utapata makapi. Wadudu wanaruka, wanatua, lakini mbegu haijai. Maua yake hayana kasoro yoyote kwa kuuza, sumu inajengeka vilevile, ila usiyafanye chanzo cha mbegu. Anayetaka mbegu aache mimea mingi ya asili tofauti ikae karibu, vichwa vikauke kwenye shina mpaka viwe vya kahawia.

Nafasi shambani: sentimita 60 kati ya mistari na 30 kati ya mche na mche. Hiyo ni takriban miche 22,000 kwa ekari. Msibane zaidi, hewa ipite.

Mama Shayiri

Hamjambo ndugu zangu, mimi ni wa upande wa Kenya, pareto nimekuta nyumbani nikiwa msichana. Nimesoma yote mliyoandika na nakubaliana nayo, lakini naona mmekaa sana shambani. Pareto inapotea zaidi baada ya kuchanua kuliko kabla. Niruhusuni niseme kwa urefu.

Mnunuzi hanunui ua, ananunua mafuta yaliyo ndani yake, yale yanayoitwa pirethrini. Karibu yote yako kwenye vimbegu vidogo vilivyo chini ya vile vijiua vya njano. Petali nyeupe hazina kitu cha maana, na kikonyo hakina. Basi hesabu yako yote ya kuchuma ianzie hapo.

Ua changa, ambalo petali bado zimesimama wima na katikati pamefungana, halijajaza. Ua zee, ambalo katikati pamekuwa pa kahawia na petali zinaning'inia, limeanza kupoteza. Ua la kuchuma ni lile ambalo petali zimelala sawa pande zote na safu tatu au nne za vijiua vya njano zimefunguka kuanzia pembeni kuja katikati. Ukishalizoea jicho halikosei. Pitia shamba kila baada ya wiki mbili, baridi ikizidi maua yakichelewa hata wiki tatu.

Shika kichwa katikati ya vidole, kikonyo kikipita kati yake, vuta na kusokota kidogo. Kikonyo kibaki shambani. Wanaochuma kwa pupa wanaleta vikonyo vya kidole kizima, wanadhani wanaongeza uzito, na kipimo cha sumu kinashuka kwa mzigo mzima. Nimeona vikundi vinagombana kwa ajili ya mtu mmoja wa namna hiyo.

Usichume umande ukiwa bado. Subiri ukauke. Weka kwenye kikapu chenye nafasi za hewa, kamwe usiweke kwenye mfuko wa plastiki wala usishindilie gunia. Maua mabichi yakibanana yanapata joto yenyewe, ukiingiza mkono unahisi, na yakishachacha yanageuka kahawia na nguvu imekwenda. Yanatakiwa kuanikwa siku ileile yalipochumwa.

Kijana wa Mteremko

Mama, na kuanika tunaanika chini juu ya turubai, ni sawa?

Mama Shayiri

Inawezekana mwanangu, lakini kichanja ni bora. Tengeneza fremu ya miti, tandika wavu au gunia la mkonge lililo wazi, kiinue kutoka chini ili hewa ipite pande zote mbili. Tandaza maua safu nyembamba, yasirundikane. Yageuze mara kadhaa kwa siku kwa mkono wa taratibu. Jioni yafunike au yaingize ndani, umande wa mlimani unarudisha kazi yote ya mchana.

Sasa kuna kitu nataka mkielewe. Mwanga wa jua unaharibu pirethrini. Dawa ya pareto ikipulizwa juani inaisha nguvu haraka sana, na ndiyo sifa yake, haibaki kwenye chakula. Lakini ndani ya ua zima mafuta yamejificha kwenye vifuko vyake na yanahimili. Ua likisagika au likivunjwavunjwa, limefunguliwa. Kwa hiyo kauka haraka, usikanyage, usipige kwa fimbo, na likishakauka litoe juani siku hiyohiyo, usilisahau wiki nzima ati lizidi kukauka.

Ua bichi lina maji kama asilimia 80. Lililo tayari lina asilimia 10 hivi. Ndiyo maana kilo nne na nusu hivi za mabichi zinatoa kilo moja ya makavu. Kujua kama limefika: chukua ua moja, lisugue katikati kwa kidole gumba. Likivunjika na kumwagika kama unga, tayari. Likinata au kupondeka, rudisha. Hifadhi kwenye magunia safi, mahali pakavu penye giza, juu ya mbao, wala usiweke karibu na mbolea au mafuta ya taa.

Kwenye kikundi chenye kikaushio cha kuni, angalieni moto usizidi. Hewa ya uvuguvugu mkali inayopita kwa kasi inatosha. Maua yakinukia kuungua, mmeshapoteza.

Mkulima wa Nyanda

Mama, ahsante sana. Huu mchango wako ningeomba kila anayeanza ausome kabla hata ya kununua mche.

Mpenda Milima

Swali ambalo linanisumbua. Pareto ni dawa ya wadudu. Mbona nami wadudu wanaila shambani? Majani yamekuwa na madoa ya fedha na vichwa vimejikunja.

Bwana Shamba Mstaafu

Hilo linawashangaza wengi. Mmea una sumu nyingi kwenye vimbegu vya ua, lakini majani na mizizi ina kidogo sana. Mdudu anayekula jani hakutani nayo kwa kiwango cha kumwua.

Hao wako kwa maelezo yako ni vithiripi, wadudu wadogo sana. Wanakuja wakati wa kiangazi, pamoja na utitiri mwekundu ambao utauona kwa utando mwembamba chini ya majani. Wote wanapenda ukavu na vumbi, na mvua nzuri ikinyesha wengi wanapungua wenyewe. Shamba lililopaliliwa, lisilo na kichaka cha urea, linahimili.

Wakati wa mvua tatizo ni ukungu. Kuna ugonjwa wa vichwa unaosababishwa na ukungu wa Ramularia: kichwa kinageuka cheusi kikiwa bado kimefumba, kikonyo kinapinda, hakifunguki tena. Ugonjwa huu unapenda hali ya hewa ya ukungu mzito wa mlimani na shamba lililobanana. Kata vichwa hivyo, vitoe shambani, usivitupe kati ya mistari.

Lakini adui ninayemwogopa kuliko wote ni minyoo fundo. Huwaoni kwa macho. Utaona mmea umenyong'onyea wakati mvua ipo, majani yamefifia, na ukiung'oa mizizi ina vinundu vidogo vidogo kama shanga. Aina inayosumbua nyanda za baridi inaitwa Meloidogyne hapla. Hakuna dawa ya kupulizia itakayowatoa. Wanatolewa kwa mzunguko wa mazao, na hapa ndipo watu wetu wanapokosea: wanang'oa pareto wanapanda viazi. Viazi, karoti na maharage vinawalisha minyoo haohao. Ngano, shayiri, mahindi na nyasi za malisho haviwalishi. Ukipanda nafaka misimu miwili mitatu, minyoo wanakufa njaa. Ndipo urudishe pareto.

Mpenda Milima

Kumbe! Sisi huku ni pareto, viazi, pareto, viazi, tangu baba. Nimeshukuru sana mzee.

Bibi Maua

Jingine. Wajukuu wakichuma wanawashwa mikono na macho, mmoja alitoka vipele shingoni. Ni ile sumu?

Mama Shayiri

Pole kwa wajukuu, Bibi. Majani na maua ya ukoo huu yana vitu vingine, tofauti na ile pirethrini, vinavyowasha ngozi ya baadhi ya watu. Mwingine anachuma maisha yake yote hapati kitu, mwingine siku ya kwanza tu anavimba. Avae mikono mirefu na kitambaa shingoni, asiguse macho, anawe kwa sabuni kabla ya kula. Anayetoka vipele kila mara asilazimishwe, apewe kazi nyingine, na akionekana kubanwa kifua apelekwe hospitali. Vumbi la maua makavu ndilo linalosumbua zaidi wakati wa kufungasha, fungeni kitambaa puani.

Na jambo la karibu na hilo: mabaki na maji ya kuoshea vyombo vya pareto yasimwagwe mtoni au kwenye bwawa la samaki. Samaki wanakufa kwa kiwango kidogo sana.

Njia ya Kontua

Nimefuata uzi wote. Mimi nilikuwa na pareto nzuri, nikaing'oa yote kwa sababu malipo yalichelewa msimu baada ya msimu mpaka nikakata tamaa. Sasa nasikia wanunuzi wameongezeka, natamani kurudi. Shamba lenyewe limevamiwa na gugu la nyasi, sangari.

Mkulima wa Nyanda

Pole sana ndugu. Kenya miaka ya 1980 na 1990 ilikuwa inatoa sehemu kubwa kabisa ya pareto ya dunia, na nyanda zile zikaachwa kwa sababu hiyohiyo unayoisema. Ardhi haikuchoka, baridi haikuondoka, mkulima alichoka kusubiri. Nakusihi kabla ya kupanda uwe na mkataba ulioandikwa, unaotaja utapimwaje, utalipwa lini, na kwamba utapewa nakala ya kipimo cha sumu cha mzigo wako. Anayekwepa kukuonyesha kipimo, muache.

Kuhusu sangari, iondoe yote kabla ya kupanda. Lima kiangazi, kusanya mizizi yake kwa mkono, ianike ife, rudia tena. Ukipanda pareto juu ya sangari hutaweza kuitoa baadaye bila kung'oa miche, maana mizizi ya pareto iko karibu na uso wa ardhi. Palizi baada ya kupanda iwe ya juujuu, karibu na shina tumia mkono.

Kijana wa Mteremko

Na mashina makavu baada ya maua kuisha, tunayaacha au tunakata?

Mkulima wa Nyanda

Kata. Kiangazi, maua yakishapungua, kata mashina yote makavu karibu na kichwa cha majani, ila usiguse machipukizi mapya ya chini. Mabaki yatoe nje kama kulikuwa na ugonjwa. Mvua zikirudi mmea unachipua upya ukiwa na nguvu. Mwaka wa pili ndio wa mavuno makubwa, wa tatu bado ni mzuri. Baada ya hapo kichwa cha shina kinakuwa kigumu kama mti, katikati panakufa, maua yanapungua. Nikiona hivyo nang'oa napanda shayiri. Wengine wanavuta mpaka mwaka wa nne, si vibaya kama mizizi ni misafi.

Bibi Maua

Nimekubali kujaribu mbegu pamoja na mashina. Fundi, niambie ya kitalu, nataka kuanza wiki hii.

Fundi Kitalu

Bibi, inua tuta lenye udongo laini uliochanganywa na mchanga kidogo na mboji, mahali ambapo hapajawahi kuwa na viazi wala nyanya. Mbegu ni ndogo sana, ichanganye na mchanga mkavu ndipo uimwage kwenye mistari ya juujuu, funika kwa udongo mwembamba tu. Tandaza nyasi kavu, mwagilia kwa matone madogo asubuhi. Itaota kati ya wiki mbili na tatu. Ikichomoza toa nyasi, jenga kivuli chepesi juu yake, na punguza miche iliyobanana. Miezi mitatu hadi minne, ikifikia kimo cha sentimita 10 hivi, iko tayari kwenda shambani. Wiki mbili tatu kabla ya kuhamisha anza kuondoa kivuli kidogo kidogo na kupunguza maji, ili ikomae kabla ya kukutana na jua la mlimani. Ukipata shida tuma picha ya mizizi, si ya majani peke yake.